Rezista Iliyoungua na Hukumu ya Fundi

Amplifaya za gitaa zitumiazo valvu, mfano wa Twin Reverb ambayo kampuni ya Fender ya California iliitoa mwaka 1963, zimedumu mikononi mwa wanamuziki kwa miongo mingi, kwa kuwa aghalabu ya viungo vyake vyaweza kutolewa na kutiwa vingine na fundi mwenye subira. Miongoni mwa viungo hivyo rezista ni ndogo na ya bei nafuu, na kwa sababu hiyo hubadilishwa kwa pupa. Ilhali wajibu wa fundi, kwa itikadi yangu, ni kutobadili hata moja mpaka ajue imeharibika vipi, na nini kilichoiharibu.

Kabla ya uchunguzi wowote liko sharti lisilo na hiari. Kapasita kubwa za amplifaya hizi huweza kuhifadhi volti zaidi ya 400 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo watosha kuua. Fundi, basi, huunganisha kila kapasita na fremu kwa kupitia rezista ya omu 100,000 ya wati 2 au zaidi, iliyofungwa kwenye waya zenye kinga madhubuti, akasubiri dakika moja au mbili, kisha akathibitisha kwa mita kuwa umeme umekwisha, ndipo atie mkono.

Rezista za zama hizo zilifanywa kwa unga wa kaboni ulioshikamanishwa kwa gundi ngumu, na ada yake, kwa unyevu na joto la miaka mingi, ni kupanda ukinzani. Ile yenye michirizi ya kahawia, nyeusi na manjano, yaani omu 100,000, ikiwa na mchirizi wa nne wa rangi ya fedha, iliruhusiwa tangu kiwandani kupotoka kwa asilimia 10 tu. Ikisomeka 130,000, imekwisha kuvuka mpaka wake. Tena iko kanuni yenye manufaa makubwa: ukiipima ingali imelehemiwa, maadamu kapasita ni tupu, njia nyingine za umeme zilizo sambamba nayo haziwezi ila kuipunguza hesabu, kwa hiyo kipimo kikizidi kwa mbali thamani iliyoandikwa, rezista ni mbovu bila ya shaka, lakini kikipungua, usiihukumu mpaka uinue mguu wake mmoja.

Zipo pia zinazopimika sawa, kisha zikakwaruza pindi zipatapo volti nyingi, hasa zile zinazolisha anodi za valvu za mwanzo. Hapo fundi hutia kwanza valvu nyingine iliyo nzima, na mkwaruzo ukibaki vilevile, shaka huielekea rezista.

Ama ile iliyoungua kabisa, hiyo ni shahidi, na mkosaji yu mahali pengine. Katika Twin Reverb kila valvu ya 6L6 hupata umeme wa gridi ya skrini kupitia rezista ya omu 470 ya wati 1. Mkondo wa miliampea 5 huzalisha ndani yake joto la wati 0.012 tu, lakini valvu ikiharibika, mkondo ukafika miliampea 100, joto hupanda hadi wati 4.7, na rezista huteketea. Atakayetia mpya na kuirudisha valvu ileile ataiunguza tena.

Katika kuchagua badala yake, thamani ya omu peke yake haitoshi, kwani wati na kikomo cha volti navyo vina haki ya kutazamwa. Kwenye anodi hufaa ile ya utando wa metali, yenye kelele chache. Kwenye skrini, ile ya oksidi ya metali au ya waya uliozungushwa, iliyoinuliwa kidogo juu ya bodi ili hewa ipite.

Zilizo salama na ziachwe mahali pake, maana kila kulehemu kusiko na haja huichosha bodi kongwe na kuleta makosa mapya. Kisha fundi apime volti tena, aziandike pamoja na kila rezista aliyoibadili na sababu yake, na karatasi hiyo ampe mwenye amplifaya. Kwani fundi atakayeifungua baada yake atahitaji kujua yaliyotendeka.