Mtoto Mwenye Usonji Naye Apewe Uwanja

Kila mwaka, michezo ya UMISSETA inapokaribia, shule za sekondari huchagua vijana wake. Huko Mdandu, wilayani Wanging'ombe, kama ilivyo Njombe na Makambako, walimu huwatafuta wenye mbio na wenye mori. Lakini yuko kijana ambaye mara nyingi hatazamwi: yule asiyemwangalia mwalimu usoni, azibaye masikio filimbi ipulizwapo. Husemwa kuwa ni mkaidi, au amerogwa. Sivyo. Pengine ana usonji.

Usonji hauambukizi, wala si laana ya ukoo. Ni hali ya ubongo, na daktari Leo Kanner aliieleza katika mwaka 1943. Sauti iliyo ndogo kwetu yaweza kuwa radi kwa mwenye hali hiyo, na badiliko la ghafula humfadhaisha. Lakini wengi wao hupenda utaratibu usiobadilika. Na mbio ndefu ni utaratibu mtupu: njia ile ile, hatua ile ile, kila siku.

Mfano upo. Huko Marekani, Michael Brannigan alitambuliwa tangu utotoni kuwa na usonji. Akaingizwa katika mbio angali mdogo, kisha akaikimbilia shule yake ya sekondari ya Northport, New York, pamoja na wenzake wasio na ulemavu. Agosti 2016 alikimbia maili moja chini ya dakika 4. Mwezi uliofuata, mjini Rio de Janeiro, akatwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Paralimpiki. Hata hivyo, hakuweza kuvikimbilia vyuo vikuu vilivyomtamani, kwa kuwa masomo yake ya sekondari hayakutimiza masharti yao. Miguu ilifungua mlango, masharti yakaufunga.

Kwetu chatakiwa nini? Si fedha nyingi. Mwalimu atoe agizo moja kwa wakati mmoja, tena aonyeshe kwa vitendo. Ratiba ikibadilika, kijana aambiwe mapema. Mahali pa filimbi, bendera itumike. Mwenzake mmoja awe jirani yake mazoezini na safarini, maana kambi yenye watu wengi yaweza kumshinda kuliko mbio zenyewe.

Wako wasemao kuwa ataipunguzia shule ushindi. Hatuombi apewe nafasi ya mwenye kasi kumzidi. Twaomba saa ya mwalimu impime kama iwapimavyo wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataja wazi haki ya mtoto kushiriki michezo shuleni.

Basi, ndugu wazazi, msimfiche mtoto nyumbani. Ndugu walimu, msimwache kando ya uwanja akiwashikia wenzake nguo. Mwiteni mstarini, akimbie.