Mwalimu wa awali akienda semina, mtoto anapata nini?

Mtoto wa miaka mitano wa Tongoni, kijiji cha wavuvi kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, haanzi shule akiwa mtupu. Anaweza kuhesabu samaki wa fungu na anajua maji yanapojaa na yanapokupwa. Akifika darasa la awali akaimbishwa "a, e, i, o, u" asubuhi nzima, hayo yote anayaacha mlangoni pamoja na ndala zake.

Anayeweza kuyaingiza darasani ni mwalimu, naye hujifunza kazi hiyo kama fundi yeyote: kwa kuonyeshwa, kujaribu na kusahihishwa.

Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA. Badala ya kusubiri semina ya mjini, walimu hukutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu na kujadili ugumu wanaokutana nao darasani. Lakini mara nyingi mwalimu wa awali yuko peke yake shuleni. Wenzake wakizungumzia mtihani wa darasa la saba, yeye hana la kubeba. Ni vizuri walimu wa awali wa shule jirani wapangiwe siku yao, na walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana waalikwe pia, kwa kuwa watoto ni walewale.

Mpango mzuri huanza na watoto. Wanagombania vitabu? Hawasemi darasani? Mwalimu achague jambo moja kwa muhula, alifanyie kazi, kisha baada ya wiki mbili mwenzake aje kutazama. Bila ziara hiyo, semina huishia kwenye daftari.

Pwani ya Afrika Mashariki inalijua hilo. Mpango wa shule za awali za madrasa, uliosaidiwa na Aga Khan Foundation, ulianza Mombasa miaka ya 1980, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na baadaye Uganda. Wanawake wa mtaani walifundishwa ualimu, kisha wakufunzi wakawafuata darasani kuwaongoza. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapohapo. Tongoni navyo vipo: makombe ya pwani ya kuhesabia, vifuu vya kupimia mchanga, makuti ya kusukia.

Mzazi ana nafasi yake. Tangu 2016 elimu ya awali katika shule za serikali haina ada, lakini kutolipa ada hakumzuii mzazi kuuliza. Kwenye kikao cha wazazi, aulize mambo matatu. Mwalimu akiwa kwenye mafunzo, nani anabaki na watoto? Akirudi, nini kitabadilika darasani? Na mwakani atabaki na watoto wadogo, au atahamishiwa darasa la nne na ujuzi wake upotee?

Swali la kwanza wazazi wanaweza kulijibu wenyewe. Bibi anayejua hadithi, au baba aliyerudi baharini alfajiri, akikubaliana na mwalimu mkuu anaweza kumsaidia mwalimu wa zamu kwa saa mbili.

La pili atalijibu mtoto. Jioni asiulizwe tu ameimba nini. Aulizwe leo ametengeneza nini kwa mikono yake.