Jipu ya luksi: inakunywa ngapi ku kilometa 100?

Jirani yetu mumoja wa Kolwezi, fundi wa mine, alinunua Lexus RX 350 ya mwaka 2010 na makuta ya primu. Jipu nzuri: viti vya ngozi, klima, inapita mashimo bila kelele. Miezi mitatu kisha, bibi yake alimuuliza mbele yetu: "Baba ya batoto, minervali iko wapi? Ao jipu njo iliikula?"

"Balinidanganya," akajibu. "Balisema inakunywa paka lita kumi."

Hawakumdanganya kabisa. Walimpa hesabu ya njia ndefu. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa jipu ile, yenye kuvuta na pine zote ine, vinaonyesha karibu lita 10 ku kilometa 100 ku njia kubwa. Lakini mu mji ni lita 13. Na ile ilikuwa motokari mpya.

Sisi hatuishi ku njia kubwa. Asubuhi moteri ingali baridi, tunapeleka batoto ku masomo, tunasimama, tunaondoka, tunasimama tena. Kisha tunakuta musululu wa makamyo ya madini. Pale klima inafanya kazi, silinda 6 zinaendelea kunywa, na kilometa haiongezeke hata moja. Tena jipu ile iko na uzito wa karibu tani 2. Kila mara unapoiondoa, unalipa ule uzito.

Tufanye hesabu. Toka nyumba mpaka ku kazi kilometa 20. Kwenda na kurudi 40. Siku 22 za kazi, kilometa 880. Kwa lita 13, ni lita 114 kwa mwezi. Motokari ndogo yenye kunywa lita 7 ingemaliza 62. Tofauti inapita lita 50. Zidisha na bei ya pompi ya kwenu, utaona minervali ilienda wapi. Na hatujahesabu kanisa, soko na matanga.

Namna ya kupima ni hii. Jaza tanki mpaka juu, andika kilometa. Tembea kama siku zote. Rudi ku pompi ileile, jaza tena, andika lita zilizoingia. Zidisha lita na 100, kisha gawanya na kilometa. Lita 52 kwa kilometa 400 ni 13. Rudilia mara tatu. Esanse ya bidon ya ba Kadhafi itakuharibia hesabu, maana kipimo chake hakijulikane vizuri.

Kupunguza, kunawezekana: pine zenye hewa ya kutosha, kuzima moteri unapongojea mutu, kutoa mizigo ya bure, kubeba wenzako wa ekipe moja. Kama haujanunua bado, angalia pia RX 450h, yenye batri ya kusaidia moteri. Ku vipimo vilevile inakunywa karibu lita 8 mu mji. Lakini kwanza batri yake ipimwe na mekanisie mwenye kuijua. Ikiwa imechoka, faida inaishia pale.

Jirani yetu hakuuza jipu yake. Siku za kazi anapanda bisi ya kampuni, jipu inatoka siku ya yenga. Karatasi ya lita na kilometa, ni bibi yake anaishika.