Kabla ya Kufungua Difu Inayolia

Pikapu kama Toyota Hilux ikishainuliwa springi na kuvalishwa matairi makubwa, mara nyingi huanza kuvuma upande wa nyuma inapokaribia kilomita 80 kwa saa. Gereji nyingi hutoa hukumu kabla hata jeki haijagusa gari: difu imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Gari ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani likianza kulia, ni haki kushuku kilichochakaa. Lililobadilishwa lichunguzwe kwanza pale lilipobadilishwa, na ushahidi wa kutenganisha mambo hayo mawili hupatikana barabarani bila kulegeza nati hata moja.

Meno ya krauni na pinioni, gia mbili kuu za difu, hulia kwa kufuata mzigo. Kwa hiyo dereva atafute barabara tambarare, akanyage mafuta, aachie, kisha ashikilie mwendo uleule kwa mafuta kidogo tu. Mlio ukipanda anapokanyaga na kukatika anapoachia, au kinyume chake, meno yanahusika. Usipobadilika kabisa, washukiwa ni matairi na beringi za magurudumu: tairi la matope hubadili sauti likitoka lami laini kuingia lami ya kokoto, na beringi hubadili sauti gari linapoelemea upande mmoja. Halafu abadilishe gia huku mwendo ukibaki palepale. Sauti ya injini na ya giaboksi itabadilika. Ya difu haitabadilika, kwa sababu difu huzunguka kwa kufuata magurudumu. Kinachosikika kwenye kona tu huelekeza kwenye gia ndogo za ndani ya difu.

Wembamba au uzito wa sauti nao ni ushahidi, na mafundi wengi huupuuza. Chukua krauni ya meno 41, pinioni ya meno 10, na tairi lenye mzingo wa mita 2.4. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 11.6 kila sekunde, propela (shafti itokayo giaboksi kwenda difu) karibu mara 47, na meno hukutana zaidi ya mara 470. Huo ni mlio mwembamba, kama mluzi. Propela ambayo kros zake, yaani viungo vya ncha zake, zinafanya kazi kwa pembe zisizolingana hutetema mara mbili kila mzunguko, yaani karibu mara 95 kwa sekunde: mvumo mzito, unaosikika miguuni kabla ya masikioni. Kuinua springi huvuruga pembe hizo hasa, maana pua ya difu na mkia wa giaboksi, vilivyokuwa sambamba, huelekea kila kimoja kwake. Kipimo kidogo cha pembe chenye sumaku kinatosha kulibaini hilo, na kabari kati ya springi na akseli mara nyingi hulimaliza.

Wapo watakaosema fundi mzoefu anajua kwa sikio. Uzoefu nauheshimu, lakini bodi ya gari husafirisha sauti. Aliyeng'oa mazulia na kuweka bushi ngumu badala ya za mpira huenda anasikia mlio uliokuwepo tangu zamani. Wengine watasema ni nafuu kufunga difu ya mtumba. Nafuu iko wapi, ikiwa difu hiyo inaingia kwenye pembe ileile mbovu? Na ikiwa uwiano wake wa meno haulingani na wa difu ya mbele, siku nguvu itakapopelekwa magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu, difu hizo zitashindana mpaka kitu kivunjike. Oili nzito nayo hunyamazisha kelele kwa muda huku meno yakiendelea kulika.

Difu ifunguliwe pale dalili zinapokubaliana: mluzi unaofuata mguu wa dereva, vipande vya chuma kwenye oili (ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida), au krauni na pinioni mpya zilizofungwa ili gari liweze kuyasukuma matairi makubwa. Katika hali hiyo ya mwisho shaka yangu huelekea kwenye ufungaji, kwani nafasi kati ya meno hupimwa kwa sehemu za milimita na unene wa shimu moja huhamisha mguso wote. Kabla fundi hajafunika difu, mwombe ayapake meno rangi, azungushe, na akuonyeshe alama ya mguso katikati ya jino.