Paka wa ndani naye anahitaji chanjo

Wengi wetu hapa Nakivale tunafuga paka kwa sababu ya panya, na kwa kuwa analala ndani, tunadhani chanjo ni ya mbwa peke yao. Jina ndilo linalopotosha: kichaa cha mbwa humpata paka pia, na mlango ulioachwa wazi usiku mmoja unatosha.

Akifikisha miezi 3, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe. Arudi baada ya mwaka, na kadi yake itunzwe. Huko huko aangaliwe minyoo, viroboto na meno.

Paka akimuuma au kumkwaruza mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Msingoje kuona kama paka ataugua.