Mzio mkali shuleni Kabambare: dawa imfuate mtoto

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, karanga ni zao la shamba na ni chakula cha kila siku. Huvunwa Kabambare na Kasongo, hukaangwa na kuuzwa kwa wanafunzi saa ya mapumziko, husagwa zikatiwa kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, hata kwenye uji wa mtoto anayeanza kula. Kwa watoto karibu wote ni baraka. Wapo wachache ambao miili yao huipiga vita karanga, au yai, samaki, maziwa, hata viwavi. Kwao tonge moja linaweza kuziba pumzi kabla kengele ya kurudi darasani haijalia. Mtoto wa namna hii anaweza kusoma salama hata katika shule ya kijijini isiyo na umeme wala gari. Kinachohitajika ni mpango uliokubaliwa mapema, na ndani yake neno moja zito: akianguka, dawa imfuate alipo, asipelekwe yeye kuitafuta.

Kwanza tuujue ukubwa wa jambo, maana hofu iliyopita kiasi nayo hudhuru. Nchini Afrika Kusini watafiti waliwachunguza watoto wadogo, wakathibitisha mzio kwa kuwalisha chakula chenyewe mbele ya daktari. Mjini Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula. Vijijini katika jimbo la Eastern Cape ilikuwa asilimia 0.5 tu. Nchini Ghana, kati ya wanafunzi 1,604, kipimo cha damu kilionyesha alama za mzio wa karanga kwa zaidi ya asilimia 17, lakini kipimo cha ngozi kilizipata kwa asilimia 2 tu. Kichocho kilikuwa sehemu ya sababu: minyoo yake huamsha katika damu kinga inayofanana na ile ya mzio. Kwa hiyo katika maeneo yenye kichocho, karatasi ya maabara peke yake haitoshi kumnyima mtoto chakula.

Vilevile hakuna sababu ya kupiga karanga marufuku kwa shule nzima. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini, waliolishwa karanga mapema, walipata mzio wake kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 80 wakilinganishwa na walioepushwa nazo. Mama anayetia karanga iliyosagwa laini katika uji wa mwanawe aendelee bila wasiwasi.

Basi mwalimu atamjuaje mtoto mwenye hatari? Kwa kuwauliza wazazi siku ya kuandikisha. Je, amewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele vinavyowasha mwili mzima, kutapika au kukosa pumzi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula kitu fulani? Ilijirudia alipokila tena? Ana pumu? Mwenye pumu pamoja na mzio wa chakula ndiye wa kuangaliwa zaidi. Majibu hayo, yakipelekwa kwa muuguzi wa kituo cha afya, yana thamani kuliko vipimo vingi.

Kuna mtego mmoja unaoweza kugharimu maisha. Mtoto akila kitu cha jirani na kuanguka papo hapo, wengi mashariki mwa Kongo husema kwanza kwamba amepewa sumu. Mama muuzaji hushukiwa, ugomvi huanza, mtoto hunyweshwa hiki na kile ili atapike, na dakika zinapita. Ipo njia rahisi ya kupambanua. Wakiugua wengi waliokula chungu kimoja, fikiria chakula kilichoharibika au mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Akiugua mmoja kati ya wengi waliokula kilekile, ana vipele, uso umevimba na kifua kinapiga filimbi, fikiria mzio. Asinyweshwe kitu. Na yule mama aliyeuza asiguswe, kwa sababu hana kosa.

Ndani ya mwili wa mtoto huyo mishipa ya damu imelegea na inavuja, shinikizo la damu linaporomoka, njia za hewa zinabana. Akisimamishwa ghafla, damu hubaki miguuni na moyo hukosa cha kusukuma. Wapo wagonjwa waliokufa mara tu baada ya kuinuliwa. Ndiyo maana pikipiki, chombo chetu cha haraka, ina hatari yake hapa: mgonjwa huketi wima, amebanwa katikati, barabara ikimrusha. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akipumua kwa shida, aketi huku miguu imenyooshwa. Akitapika au kuzimia, alale ubavu. Asitembee hata hatua chache. Pikipiki iondoke mara moja, lakini imbebe mjumbe wa kumleta muuguzi. Ikibidi kumhamisha, machela ya miti inayobebwa mabegani, akiwa amelala, inamfaa kuliko kiti cha pikipiki.

Dawa yenyewe ni adrenalini. Vidonge vya mzio hupunguza mwasho tu. Havifungui njia ya hewa wala havipandishi shinikizo la damu. Katika nchi tajiri kuna kalamu yenye sindano ndani, ambayo mzazi au mwalimu huikandamiza pajani. Ni ghali, na katika sehemu kubwa ya Afrika haipatikani. Lakini dawa ileile huwekwa katika ampuli ndogo ya bei nafuu, nayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Muuguzi anayechanja watoto anatakiwa kuwa nayo karibu, kwa kuwa chanjo pia, mara chache sana, huleta mzio mkali. Huichoma kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kwa ampuli ya 1 mg katika 1 ml, kipimo ni 0.01 ml kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 20 hupata 0.2 ml, na mtoto hazidishiwi 0.3 ml. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, hurudiwa. Kisha achungwe kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Kuzuia kunategemea mambo madogo. Watoto wasigawane vitafunwa na mwenye mzio. Anawe mikono kwa sabuni. Mama anayekaanga mandazi ashirikishwe, aeleze mafuta yake yamekaangia nini. Ule mchanganyiko laini wa kifuko cha 92 g wanaopewa watoto wenye utapiamlo mkali una karanga na maziwa. Wahudumu waulize kabla ya kuutoa, na ndugu wasiulambe. Mambo haya madogo yanahitaji mpango. Nchini Kanada, katika jimbo la Ontario, msichana wa miaka 13, Sabrina Shannon, alifariki mwaka 2003 baada ya kula shuleni. Sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inaitaka kila shule iwe na mpango wa kila mtoto mwenye mzio mkali na kuwafundisha walimu. Hata penye kalamu na magari ya wagonjwa, walijifunza kwamba kifaa bila mpango hakitoshi.

Kasongo ina historia yake ya kupanga mambo kama haya. Miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijenga mtandao wa vituo vidogo vya afya, kila kimoja kikiwajua wakazi wake, hospitali ikiwa nyuma yao. Msingi wake ni kwamba huduma ikae karibu na watu na iwajue kwa majina. Mpango wa mzio shuleni unasimama juu ya msingi huohuo.

Septemba, shule zinapofunguliwa, mkurugenzi, kamati ya wazazi na muuguzi wakae pamoja waandike ukurasa mmoja kwa kila mtoto mwenye hatari: jina, chakula kinachomdhuru, dalili zake, uzito, namba ya simu ya muuguzi, nani anaondoka na pikipiki, nani anabaki na mtoto. Nakala moja ikae darasani, nyingine kituoni kando ya ampuli na sindano. Gharama ni karatasi na mkutano mmoja. Elimu ya msingi ilitangazwa bure nchini Kongo mwaka 2019. Mtoto mwenye mzio mkali naye ana haki ya kuipata, na kwake ada ambayo bado haijaondolewa ni hofu ya wazazi kwamba hakuna atakayejua la kufanya.