Prosesa ya Pili Haitaokoa Gemu Yako

"Fundi, nikitumia prosesa mbili, GTA V itaacha kukwama?" Wanafunzi wa Masinde Muliro wakirudi chuoni, swali hili hurudi nao hapa Kakamega, na jibu ni lile lile: haitaacha. Kinachonikera ni kwamba anayeuliza mara nyingi ameshalipa. Ameuziwa mashine ya mtumba ya ofisini, tuseme HP Z800 yenye Xeon X5650 mbili, akaaminishwa kuwa viini (cores) 12 haviwezi kushindwa na vinne.

Vinashindwa, tena vibaya. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 17 hivi za kuandaa kila fremu. Katika muda huo gemu inasoma kitufe ulichobonyeza, inaamua gari limegonga nini, inakokotoa litaangukia wapi, ndipo iiagize kadi ya grafiki ichore. Hatua hizo zinafuatana. Hakuna kujua gari litaangukia wapi kabla ya kujua limegonga nini. Ugali wa sufuria moja husongwa na mtu mmoja, na wapishi wengine kumi na mmoja hawauharakishi. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: ikiwa nusu ya kazi lazima ifanywe kwa kufuatana, hata viini elfu moja havifikishi kasi maradufu. Fungua Task Manager gemu ikikwama kwenye mashine kama hiyo. Utakuta prosesa kwa jumla haijatumika hata nusu.

Na X5650 yenyewe ni ya 2010. Core i3-12100F ya 2022 ina viini vinne tu, lakini kila kimoja kina kasi kubwa kuliko cha Xeon hiyo, na kwenye gemu inaziacha zote mbili nyuma. X5650 pia haina amri za AVX, na zipo gemu mpya zisizowaka bila amri hizo. Kila prosesa ina RAM ya upande wake, kwa hiyo data iliyo upande wa pili huchelewa kufika. Windows Home hutumia prosesa moja tu. Ya pili inakaa bure. Kila moja imepimwa wati 95, na tokeni za stima utanunua wewe.

Viini vina kazi yake. Viwili havitoshi tena, vinne vya kisasa ndio mwanzo, sita vinatosha gemu nyingi. Anayehariri video ana sababu ya kutaka zaidi.

Kabla hujanunua chochote, shusha resolusheni ya gemu. Fremu zikiongezeka sana, kadi ya grafiki ndiyo iliyolemewa. Zisipoongezeka, ni prosesa. Kama huna kadi ya grafiki, weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16. Laptopu ichezee ikiwa kwenye chaji. Toa vumbi, badilisha pesti iliyokauka juu ya prosesa. SSD itafupisha kusubiri gemu ifunguke, haitaongeza fremu. Kile kisanduku cha idadi ya prosesa katika msconfig usikiguse: Windows hutumia viini vyote tangu inapowaka, na kisanduku hicho huvipunguza tu. Ikiwa kadi ya grafiki ndiyo iliyolemewa, pesa ya prosesa ya pili iweke kwenye kadi bora, ukihakikisha kwanza pawa saplai yako inaimudu.